Kupepesuka kwa Papa

Mwalimu wetu wa Kiingereza alikuwa amesomea Kampala, na hakuturuhusu kulisahau jambo hilo hata juma moja. Siku ya kwanza aliingia darasani na abakosti yake, suti isiyo na tai, ya rangi ya majivu, iliyopauka viwikoni, akasimama mbele ya ubao na kututangazia kwamba watu wa Goma hatujui kutembea. Tulicheka. Yeye hakucheka. Alisema sisi tuna neno moja tu, kutembea, na Wafaransa nao wana moja, kisha wote tunalibebesha mizigo: kutembea polepole, kutembea vibaya, kutembea kama mlevi. Mwingereza ana neno lake kwa kila mguu.

Huo ulikuwa uongo mtupu, nami nilimwambia. Nilikuwa msichana wa miaka kumi na mitano mwenye mdomo usio na breki. Nikamtajia kuchechemea, kunyata, kuranda, kujikokota, kudemadema, na nilikuwa bado na mengine mfukoni aliponikatiza. Hakukasirika. Alinyoosha chaki kuelekea nafasi iliyokuwa kati ya madawati.

"Vizuri sana. Basi kuja mbele, utuonyeshe moja-moja."

Ndivyo alivyofundisha miezi ile. Aliandika neno ubaoni, na aliyedhani amelielewa alilionyesha kwa miguu. Stroll ni mwendo wa mtu asiyesubiriwa na yeyote. Trudge ni wa mama anayepanda kutoka ziwani na bidoni la maji mgongoni, ardhi ikimvuta kila hatua. Hayo tuliyaweza. Yaliyotushinda yalikuwa yale ya kuelekea kuanguka, maana yako manne au matano na kwa macho ya haraka yote ni mlevi mmoja. Sway, alisema, mwili unayumba juu lakini miguu imeshika chini. Totter ni mtoto mchanga au mzee sana, anayejua kwamba miguu yake ni dhaifu na anatafuta cha kushika. Stagger ni wakati miguu inatafuta ardhi na ardhi haiko pale ilipoiacha.

Nilipojaribu hilo la mwisho, nilijirusha huku na huku kati ya madawati hadi darasa zima likapiga makofi. Mwalimu alitikisa kichwa.

"Hapana. Weye uko nayumba tu. Unajua fasi meza iko. Muangalie mikono, batoto. Mutu mwenye kuigiza, mikono yake iko namulinda. Mwenye kuanguka kweli, mikono imeshamusahau."

Nilirudi kwenye benchi langu nimenuna, kwa sababu sikuzoea kushindwa mbele ya watu.

Mwaka huo tulikuwa tumehama mtaa wa Mabanga, tukaenda kukaa upande wa barabara ya Sake, mahali ambapo nyumba zilikuwa bado chache. Papa alikuwa magazinia, mtunza ghala, kwenye depo ya kahawa, lakini alizaliwa juu kwenye vilima vya Masisi, mtoto wa wafugaji, na Mabanga ilimbana. Kiwanja kipya kilikuwa jiwe jeusi la mlima kila upande, jiwe lililokata viatu. Nyuma ya nyumba tu, ardhi ilishuka kwa ghafla ikafanya kibonde, kina chake kama watu wawili waliobebana, urefu wake kama kanisa letu la mbao. Mle ndani majani yalikuwa mabichi mwaka mzima. Papa alifurahi kama aliyepewa zawadi, akanunua mbuzi wawili. Katika kiwanja chote cha mawe, mahali pekee pa kijani hapakuwa na nyumba wala shamba la mtu. Sisi watu wa vilimani, ambao tunaona majani kuwa baraka ya Mungu, hatukuuliza kwa nini.

Leo kila mtoto wa Goma anajua. Ni hewa mbaya inayotoka chini ya ardhi ya mlima wa moto. Haina rangi wala harufu, ni nzito, inajikusanya mahali pa chini na kulala hapo kama maji usiyoyaona. Asubuhi isiyo na upepo huwa imejaa. Upepo wa ziwa ukivuma, inaondoka. Mtu mrefu anaweza kuipita ikimfika kwenye magoti asijue chochote. Mbwa anayemfuata nyuma hafiki ng'ambo. Wenyeji huiita mazuku. Lakini miaka ile nyumbani kwetu hakuna aliyejua hayo, na mimi nilichojua ni kwamba nilikiogopa kibonde.

Kwanza ni ukimya. Mbele ya nyumba nyenje waliimba, nyuma hawakuimba. Nilitumwa kuokota kuni ukingoni, nikawakuta vipepeo wamelala juu ya majani, mabawa wazi, wengi, wazima kabisa isipokuwa hawakuwa hai. Siku nyingine ndege mdogo. Siku nyingine panya, na juu ya panya nzi waliokuja kumla, nao wamekufa. Nilisimama pale na kuni zangu, nikahisi kwamba kuna mtu aliyeinama chini ya majani na anangoja nimkaribie. Nilikimbia hadi jikoni, na mama akaniuliza nani ananifukuza.

Jirani yetu wa pekee alikuwa mama mmoja Mhunde, mwenyeji wa huko, mtu mzima, mjane, aliyelima viazi vitamu ng'ambo ya kibonde. Alikikatiza kila siku, jua likiwa juu, na mwendo wake ndio ulionifanya nimtazame. Aliposhuka, kidevu kilipanda. Shingo ikanyooka, mabega yakanyooka, hakusema neno, hakukimbia na hakuchelewa. Aliangalia mbele tu. Alipofika juu upande wa pili, mwili wote ulilegea, akawa tena mama wa kawaida anayelalamikia kiuno chake. Mara moja kikapu kilimponyoka kichwani, viazi vikamwagika mle chini. Hakuvitazama hata. Aliviacha siku tatu, hadi siku ya upepo mkali, ndipo akaja kuviokota mbiombio na kuondoka. Nilitafuta katika maneno yote ya mwalimu jina la mwendo ule, sikupata.

Siku moja aliniona namtazama, akaniita kwa mkono.

"Weye mutoto ya shule, sikia. Mule ndani batu habainamake. Ukiangusha kitu, acha. Ukichoka, usiikale. Mutoto mudogo, unamubeba juu ya mabega, hapana mugongoni."

"Juu ya nini, mama?"

Alichukua kishungi cha majani makavu, akakiwasha kwenye kaa lake la jikoni, tukaenda hadi ukingoni. Alishuka hadi kwenye majani ya chini, akasimama wima, akateremsha mkono taratibu pembeni mwa mwili. Moto uliwaka ulipokuwa usawa wa kiuno chake. Uliwaka usawa wa paja. Ulipofika gotini ukazimika, mara moja, bila kuyumba, kama utambi wa koroboi uliobanwa kwa vidole. Akauwasha tena kwa kaa alilokuwa amelibeba kwenye kigae, akauteremsha tena, ukazimika palepale.

"Umeona? Ni mazuku. Inalalaka chini. Inakamataka mutu mwenye kuinama."

Nilimsimulia Papa jioni hiyohiyo, tukila. Alisikiliza akitafuna, kisha akaweka tonge chini. Papa alikuwa mzee wa kanisa na kiongozi wa kikundi cha maombi, na nyumbani kwetu kulikuwa na gunia moja la kutupia kila kitu walichosema wenyeji kuhusu milima, mizimu na maji. Mazuku iliingia humo bila kufunguliwa.

"Ile ni jina ya shetani," alisema. "Na shetani tunajua dawa yake."

"Papa, niliona moto ikizimika."

"Na Farao aliona fimbo ya bachawi ikigeuka nyoka. Kula."

Nikala. Nilimpenda Papa sana, na hilo ndilo lililonifanya nimwogope zaidi ya kiboko chake, ambacho kwa kweli hakuwahi kukitumia.

Siku chache baadaye mbuzi walikufa, wote wawili, asubuhi moja. Siku hiyo mama alikuwa amewashusha kwenye majani mapema, kabla ya chai, akafunga kamba zao ukingoni. Tulipotazama walikuwa wamelala ubavu, kamba haijakazwa, hakuna jeraha, hakuna damu, macho wazi. Papa aliwavuta juu kwa kamba zao akiwa amesimama ukingoni, akawachunguza mdomo na kwato, kwa mkono wa mfugaji aliyeona mbuzi wengi wakifa. Niliona anashangaa. Kama ningemsihi wakati uleule, pengine angesikia. Lakini alifuta mikono, akatuma habari kwa kikundi: Jumamosi alfajiri, kabla ya salongo, ile kazi ya pamoja ya kusafisha mtaa, tutaomba ndani ya kibonde na kumtoa huyo anayekaa humo.

Ijumaa jioni ndipo nilipoelewa. Nilikuwa nachambua maharagwe, mikono ikasimama yenyewe. Papa hakuwahi kumwomba Mungu akiwa amesimama. Papa aliomba kwa magoti, na akiomba kwa nguvu aliinama hadi paji la uso likagusa chini. Niliona kishungi cha jirani kikizimika gotini. Nikatupa ungo nikaenda kwake.

"Papa, basi muombe mukiwa mumesimama."

"Mungu anapigiwa magoti."

"Kesho tu, Papa. Ninakuomba."

Alinitazama kwa huruma, kama mtu anayemtazama mtoto aliyeshikwa na homa. "Asiyesikia la mkuu huvunjika guu," akasema, methali yake ya kila siku, na akainuka kwenda kunyoa ndevu. Mama, aliyekuwa kizingitini, aliniambia nimwache baba yangu.

Asubuhi kulikuwa na ukungu. Ziwa halikuonekana, mlima haukuonekana, na hakuna jani lililotikisika. Watu wa kikundi walikuja kumi, wakasimama ukingoni wakiwa wamejifunga vitenge na makoti. Mle chini kulikuwa na ukungu mwingine, mwembamba, uliolala sawasawa juu ya majani bila kusogea. Papa alisema atashuka peke yake kwanza, na wimbo ukiisha wote wamfuate. Walianza kuimba. Alishuka na Biblia mkononi, amevaa koti lake la Jumapili, hatua za kawaida kabisa. Majani yalimfika magotini. Katikati akasimama, akainua mikono. Nilifikiri, Mungu wangu, mwache abaki hivyo. Akapiga magoti.

Tulisikia sauti yake, nzuri, nzito, ile sauti yake ya maombi. Kisha ikaanza kwenda haraka. Maneno yakabanana, kati yake pumzi nyingi, kama mtu anayeomba huku akipanda mlima. "Roho!" alisema mama mmoja karibu yangu, akafumba macho. Wakaimba kwa nguvu zaidi. Papa akainuka nusu, akaenda kushoto, akaenda kulia, akapepesuka.

"Asante Yesu! Roho ameshuka!"

Wote walikuwa wameiona ishara hiyo mara nyingi. Kila Jumapili nyimbo zilipopanda, Roho alimshukia Papa, naye alitoka kwenye benchi akaenda hadi mbele akiyumba, macho amefumba, na kanisa lilitetemeka kwa furaha. Niliijua ishara hiyo kuliko wao, maana nilikuwa nimeitazama tangu nikiwa nakaa chini kwenye mkeka na watoto wengine, na yeye akitupita juu ya vichwa. Sasa nikatazama mikono yake. Biblia ilianguka, na mkono ulioishika ukabaki umekunjwa vilevile, haujui. Goti lake liligonga jiwe, nikalisikia kutoka juu, na uso wake haukubadilika. Miguu ilikuwa inatafuta ardhi.

"Papa anakufa," nikasema. Kisha nikapiga kelele.

Mama yule aliyekuwa karibu alinikamata mkono. "Nyamaza! Usizuie kazi ya Mungu." Alikuwa na nguvu. Nilimng'ata, kwa meno yote, hadi akaniachia, na nikashuka.

"Usiiname!" Ilikuwa sauti ya jirani yetu, kutoka kwenye uzio wake. "Weye mutoto, usiiname!"

Papa alikuwa ameanguka tayari. Nilifika juu yake, na kila kitu ndani yangu kilitaka kuinama. Ukimwona baba yako chini, mgongo unajikunja wenyewe, hauombi ruhusa. Nilisimama wima nimefunga mdomo, machozi yakinitiririka, nikimtazama amelala kifudifudi miguuni pangu, mbali mno. Puani mlikuwa mkiwasha, na ulimini nikasikia ladha kali ya limonadi. Kisha jirani akawa kando yangu, kidevu juu, na jembe mkononi. Aliliingiza jino la jembe chini ya kola ya koti, akanipa nusu ya mpini, tukavuta. Tulimburura Papa juu ya majani na mawe hivyo, wanawake wawili tumesimama kama walinzi, hatumtazami. Juu walikuwa bado wanaimba. Waliendelea hadi mwisho wa ubeti, na sijasahau kwamba nilimvuta baba yangu kwa wimbo ule.

Ukingoni mama yangu alimpiga makofi mashavuni, mara nyingi, akimwita. Midomo ya Papa ilikuwa rangi ya udongo. Halafu kifua kikashtuka, akavuta pumzi moja yenye mlio mbaya, na nyingine. Baada ya saa mbili hivi upepo ulipanda kutoka ziwani, majani ya kibonde yakainama na kuinuka, na mtu angepita hapo angesema ni malisho mazuri.

Jumapili ile Papa alienda kanisani akiwa amefungwa kitambaa gotini. Alisimama mbele, akashuhudia. Alisema amepigana na Shetani ana kwa ana, kwamba Shetani alimwangusha, lakini Bwana alimtoa. Hakutaja jembe. Hilo sikujali. Kisha akasema Jumamosi inayofuata kikundi kitarudi, wote kwa pamoja safari hii, na watoto wao, na tutapiga magoti hadi yule wa kibonde akimbie. Kanisa liliitikia amina. Nikawaangalia watoto waliokaa kwenye mkeka, mmoja baada ya mwingine.

Alasiri nilimkuta peke yake nyuma ya nyumba, amekaa kwenye kigoda, anakitazama kibonde. Alinisikia nikija, hakugeuka.

"Batu kumi baliona Roho," alisema. "Weye tu uliona kifo. Ulijua namna gani?"

Nilikuwa na jibu rahisi. Ningeweza kumwambia habari za mwalimu na maneno yake, tukacheka kidogo, naye angesema Kiingereza cha Kampala hakimshindi Shetani. Jumamosi ingefika. Kwa hiyo nilimpa jibu lingine.

"Papa, siku ya Yenga, kanisani, Roho akikushukia, unafunga macho. Unayumba. Lakini tangu niko mutoto, haujagonga benchi. Batoto bako banaikala chini pale, haujamukanyaga ata mumoja. Jana uligonga jiwe, na haukujua."

Nilingoja kofi, na nilikuwa tayari nalo. Alitazama miguu yake kwa muda mrefu, viatu vyake vya depo vyenye vumbi la kahawa, kana kwamba ameletewa na mtu, akaambiwa avitambue. Kisha akaniambia niende nimsaidie mama yangu.

Jumamosi aliamka kabla yetu sote. Nilichungulia dirishani nikamwona barabarani katika ukungu, amesimama, na kila mtu wa kikundi aliyefika alimpa mkono, akamwambia maneno mawili matatu, akamrudisha alikotoka. Wengine walibisha. Mwanamke mmoja, yule mwenye alama za meno yangu, alibisha sana. Hakuna aliyevuka kuingia kiwanjani.

Kesho yake kanisani nyimbo zilipanda kama kawaida. Zilipofika mahali pale ambapo Roho humshukia, vichwa viligeuka kututazama, na watu wakasogeza watoto na kufungua njia. Papa alikuwa kando yangu kwenye benchi, macho wazi. Waliimba ubeti ule mara ya pili, na ya tatu, wakimngoja. Nikahisi benchi linatetemeka, nikatazama chini. Visigino vyake vilikuwa vinapiga sakafu, haraka, vyenyewe, na jasho lilikuwa limemjaa usoni. Hayo hayakuwa maigizo; sijawahi kumwona mtu akiigiza hivyo. Nilitaka kumwambia, Papa, nenda, lakini safari hii mdomo wangu ulipata breki. Akaweka mikono yote miwili juu ya magoti yake, hata lile bovu, akayakandamiza chini kwa nguvu mpaka wimbo ukaisha.